Maji Yalikuwamo Mtungini

Nisidanganye mtu: kwenye somo lile sikwenda kutafuta elimu. Nilikwenda kwa sababu ya pangaboi. Ukumbi wa kanisa letu hapa Magongo, Mombasa, una mapangaboi yanayozunguka kweli, si kama langu la nyumbani linalopiga kelele tu bila kutoa upepo, na mwezi ule joto lilikuwa la kumpikia mtu chapati mgongoni. Padri alikuwa ametangaza Jumapili kwamba kila Alhamisi alasiri akina mama wazee tutafundishwa habari za watu wa kale, wale waliokaa chini wakaifikiri dini ya Kikristo tangu ikiwa changa, na wale waliokuja nyuma yao karne nyingi baadaye huko Ulaya. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nikasema moyoni, nitakwenda, nitakaa chini ya upepo, nitachambua mchicha wangu wa kuuza jioni, na waliofikiri na waendelee kufikiri.

Nilikwenda na mwenzangu. Huyu tunakaa naye kiti kimoja kanisani tangu waume zetu wako hai, wote wawili wakibeba magunia bandarini. Yeye anauza viazi karai, mimi mboga, na ulimi wake hauna breki. Bora mlijue hilo mapema.

Mwalimu alikuwa shemasi kijana, mtu wa bara, aliyeletwa kwetu kumalizia mafunzo ya upadri. Mrefu, shingo kama ya twiga, vitabu kwapani. Akatuamkia wote, kisha akanigeukia mimi na sinia langu la mchicha.

"Shosho, uko poa hapo?"

"Marahaba, baba," nikamwambia. "Lakini mimi si shosho. Huku ukinipenda kidogo waniita nyanya, na ukinipenda sana waniita hawe, maana mimi ni wa Kaloleni."

"Pole, hawe."

"Na mimi niite mchumba," akasema mwenzangu.

Shemasi akafungua kitabu akatia uso ndani kama mtu aliyedondosha kitu humo.

Sasa, siku ile ya kwanza tulicheka. Alitueleza habari za watu walioikimbia miji wakaenda kuishi jangwani, Misri na Shamu, wakila mkate mkavu na kupigana na mawazo yao wenyewe. Mmoja alipanda juu ya nguzo akaishi huko huko juu miaka na miaka, akiwahubiria watu waliosimama chini. Mwenzangu akainua mkono.

"Na choo, baba?"

Ndege ilikuwa inapita juu kwenda kutua, na hapa kwetu ndege ikipita mwalimu hunyamaza. Yule shemasi alisimama kinywa wazi, na ndege ilipokwisha akafungua ukurasa mwingine. Mpaka leo hajatujibu.

Halafu akatufikisha kwa askofu mmoja. Huyu, akasema, ndiye mkubwa wao, ndiye aliyefikiri mpaka Ulaya nzima ikafikiri kwa kichwa chake miaka elfu. Akasema alikuwa Mwafrika, wa huko kaskazini. Hapo ndipo mshtuko wangu wa kwanza ulipoanza, kwa maana picha zote nilizoonyeshwa tangu utoto, za watakatifu wenye vitabu, ni wazee wa Kizungu wenye ndevu. Nikaacha mchicha. Akatueleza kwamba huyo bwana ujana wake aliuchezea vizuri, wanawake, sifa, kila kitu, na mamake akimlilia Mungu usiku na mchana. Mama huyo, kwao Afrika, alikuwa na desturi ya kubeba uji na mkate na divai akaenda navyo makaburini kwa watu wa Mungu waliokufa. Alipomfuata mwanawe ng'ambo, huko Italia, akabeba kikapu chake vile vile. Bawabu wa makaburi akamzuia. Askofu wa mji ule alikuwa amekataza, yafanana mno na mambo ya kipagani. Mama akageuka na kikapu chake akarudi.

Ee ndugu zangu, mimi nilisimama. Sikujijua nimesimama mpaka nilipoona mchicha sakafuni.

"Uji!" nikasema. "Mama yake huyo mkubwa wenu alikuwa akipeleka uji?"

"Ndio, hawe. Imeandikwa na mwanawe mwenyewe."

"Basi huyo ni wa kwetu! Na mimi nami—" nikasema, kisha nikaukumbuka ukumbi nilioko, nikaketi.

Inafaa nieleze. Kwetu Kaloleni wazee waliotangulia twawaita koma, na koma hukumbukwa: humwagiwa uji kidogo, au tembo la mnazi, wasije wakajiona wametupwa. Kanisa halitaki. Namjua mama aliyenyimwa meza ya Bwana kwa jambo hilo, akakaa viti vya nyuma kama mgeni mpaka alipotubu. Na mimi kila nikienda nyumbani, kabla sijasalimiana na watu sawasawa, huzunguka nyuma ya boma na kikombe cha uji. Lakini mimi simmwagii mzee. Namwagia mtoto.

Alikuwa mwanangu wa kwanza, wa kike. Nilikuwa bibi harusi mbichi, sijazoea hata jiko la mama mkwe. Siku zile Kaloleni ilikuwa mbali. Padri alikuwa Mzungu, akija kwa pikipiki mara moja kwa mwezi vumbi likimtangulia, na watoto wote waliozaliwa katikati humngoja yeye awabatize. Wangu alishikwa na homa padri akiwa ameondoka juzi tu. Tukamngoja. Mtoto hakungoja. Na kwetu kitoto ambacho hakijaota meno hakikaliwi matanga. Wanawake wazee wa mji walimchukua, wakamzika wao wenyewe nyuma ya nyumba, na mimi nikaambiwa nisilie kwa sauti, nitaufunga uzazi. Sikulia. Nilizaa wengine, wako wazima, mmoja yuko Likoni ana duka la vipuri vya pikipiki na hanipigii simu mpaka akitaka kitu, lakini hayo ni mengine.

Nilichotaka kusema ni kwamba Alhamisi ile nilirudi nyumbani na furaha ya ajabu. Nilijiona nimepata shoga kule kaskazini, mwanamke wa kale mwenye kikapu. Nilimwambia mwenzangu, "Wiki ijayo twakaa mbele."

Tukakaa mbele. Laiti ningalikaa nyumbani.

Wiki ile shemasi alikuja kufundisha yale aliyofikiri yule yule askofu wa Afrika kuhusu dhambi. Akasema: huyu bwana aliamini kwamba baba yetu wa kwanza alipokosea, kosa lile halikubaki naye. Liliingia katika damu yote, kila mtoto huzaliwa nalo kama mtu anavyozaliwa na jina la ukoo.

"Kurithi?" akauliza mwenzangu. "Mimi babangu aliniachia minazi, ndugu zangu wakaikata. Ningelijua kuna urithi mwingine ningeliwaachia wao."

Watu wakacheka. Na shemasi akacheka, masikini, hakujua anakokwenda. Akaendelea: kwa hivyo maji ya ubatizo ndiyo yanayoliondoa. Na ndipo watu wakamuuliza yule askofu, je, kitoto kilichokufa hakijabatizwa, hakijatenda lolote, hakijui hata kutukana? Naye alifikiri, hakupenda, akazunguka, lakini hesabu yake ilimpeleka pale pale. Akasema kitoto hicho nacho huenda motoni. Moto mdogo, adhabu nyepesi kuliko zote. Lakini motoni.

Sikusikia ndege kupita. Mwenzangu aliniambia baadaye ilipita. Mimi nilikuwa natupa majani ya mchicha, nabakiza mashina.

Mtoto wa yule mama! Yule yule aliyemlilia, aliyebeba uji! Nikasema moyoni, huyu bwana alikula mezani kwa mama kama yule kisha akayafikiri haya?

Nadhani shemasi aliona sura yangu, akataka kuupunguza moto, akaongeza maneno haraka haraka. Akasema, ndiyo maana Kanisa lilifanya ubatizo uwe mwepesi kupatikana. Wale wanazuoni wa zama za kati walikubaliana kabisa: penye hatari ya kufa, si lazima padri. Mtu yeyote aweza kubatiza.

"Yeyote?" nikauliza.

"Yeyote, hawe. Mwanamume, mwanamke, hata asiye Mkristo. Anamwaga maji, anataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi."

"Hata mamake?"

"Hata mamake."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani sana. Kabla ya nchi hii kuitwa Kenya. Kabla ya Wareno kuijua Mombasa."

Na maji yalikuwamo mtungini. Hilo ndilo lililonijia, si moto, si askofu. Nyumba ile ya udongo, kitanda cha kamba, na mtungi wa mama mkwe pembeni, umejaa, kata juu yake. Nilikuwa nimeyachota mimi mwenyewe asubuhi ile. Nilikuwa nikichovya kitambaa humo nampoza mtoto paji la uso. Maji yalimgusa kichwa, wallahi, yalimtiririka mpaka masikioni, na kilichokosekana ni maneno, maneno ambayo niliyajua, niliyasema kila nikijipiga ishara ya msalaba! Na tukakaa hapo, watu wazima chungu nzima, tukisikiliza kama pikipiki inakuja.

Nilisema, tena kwa sauti, "Mbona hatukuambiwa?"

Nilibeba sinia langu nikatoka. Mchicha wa siku ile sikuuuza, niliwapa majirani, na hata chumvi sikukumbuka kutia chakulani.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kushtukashtuka. Nikiona ndoo, moyo wapiga. Nikiona mama anamwogesha mtoto karaini, nataka kwenda kumwambia kitu na sijui nini. Mwenzangu alikuja kunichangamsha kwa namna yake. Ana mjukuu huko Mkomani, baba yake mtoto ni Muislamu, watu wazuri, wanaheshimiana.

"Mimi sasa nimeshapewa cheo," akasema. "Yule mtoto akipiga chafya tu, namwagia."

"Utatuletea vita, mwanamke wewe. Babake atakumwagia na wewe, ya moto."

"Si nasema tu."

Lakini alivyosema "nasema tu" hakunitazama usoni. Mimi nilikuwa na yangu, sikuliangalia hilo.

Shemasi alikuja nyumbani siku ya Jumanne, peke yake, akapiga hodi kama mtu anayedaiwa. Nikamkaribisha, nikampa chai ya tangawizi. Watu wa bara chai yao ni maziwa na maji moto, kwa hivyo alikohoa mpaka machozi. Akasema, "Hawe, niliondoka pale nimekuachia nusu ya habari. Nimekuja na nusu nyingine."

"Nusu hiyo ina moto?"

"Haina."

Basi akanieleza. Akasema yule askofu wa Afrika hakuwa peke yake. Kabla yake kidogo, huko upande wa Uturuki ya leo, kulikuwa na askofu mwingine, aliyeandika kwa Kiyunani, na yeye aliulizwa hasa swali hili: kwa nini vitoto hufa, na huenda wapi. Yeye alifikiri kwa njia nyingine. Alisema roho imeumbwa kumwona Mungu kama jicho lilivyoumbwa kuona mwanga. Mtu mzima aliyetenda maovu ana jicho bovu, lazima litibiwe kwanza. Lakini kitoto jicho lake halijaugua. Litaona tu. Kitakunywa mwanga ule kwa kiasi chake, kama kinavyonyonya, na kuongezewa kila kinavyokua.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Na huyo naye ni mtakatifu? Au ni mtu wa kando?"

"Ni mtakatifu kama yule mwingine."

"Na wote wawili wamo katika kanisa moja?"

"Moja."

Nilishangaa, nakwambia, nilishangaa kuliko nilivyoshangaa habari ya moto. Maisha yangu yote nilidhani huko juu waliyajua mambo. Nilidhani padri ameambiwa na askofu, na askofu ameambiwa na wa kale, na wa kale waliambiwa na Mungu mwenyewe, mstari mmoja hadi kwangu mimi. Kumbe walikuwa watu wamekaa kama sisi barazani, mmoja asema hivi, mwenzake asema sivyo, na mtoto wangu yumo katikati ya mazungumzo yao.

Akaniambia na wa tatu. Huyu alikuwa mtawa wa Italia, zama za kati, mnene, mkimya, hata wenzake shuleni wakimwita ng'ombe, lakini hakuna aliyemfikia kwa kufikiri. Yeye alisema watoto hao hawaungui wala hawaumwi. Wamo mahali pa raha yao, ila hawamwoni Mungu uso kwa uso. Na hawahuzuniki, kama vile mtu mwenye akili hakai akalia kwa sababu hana mabawa.

Nikafikiri kidogo. Ndege ilikuwa ikipita juu ya bati, vikombe vikatikisika.

"Sawa," nikasema. "Mtoto halii. Na mamake?"

Shemasi akaweka kikombe chini.

"Huyo mnene wenu, katika kufikiri kwake kote, mama amemweka wapi? Maana mimi ninalia, baba. Nilikatazwa nikiwa bibi harusi, sasa ni mzee na ninalia."

Akasema, polepole, kama asiyefundisha tena, kwamba mtawa yule mwishoni mwa maisha yake aliona kitu siku moja akiwa kwenye misa, na tangu hapo hakuandika tena. Walipomsihi aendelee, alisema yote aliyoyaandika ni makapi tu.

"Na wewe, baba? Wewe wasemaje?"

"Mimi sijui, hawe. Kanisa siku hizi halisemi moto. Linasema tumwachie Mungu mwenye huruma, tumwombee mtoto kwa matumaini. Nimezungumza na padri. Mwezi wa marehemu unakuja, tutasoma majina. Niletee la mtoto wako."

"Hana jina."

Akanitazama.

"Hakufika kupewa. Kwetu jina lilikuwa la ukoo wa baba kutoa, na wao hawakutoa."

"Basi mpe wewe."

Nilimwona mjinga kidogo, kijana wa bara asiyejua desturi za watu. Jina mtu hajitolei tu kama peremende. Lakini alipokwenda zake nilikaa mlangoni nikafikiri. Mume wangu hayuko. Ndugu zake hawako. Wanawake wale wazee waliomzika hayuko hata mmoja. Waliobaki kumjua mtoto yule duniani ni mimi peke yangu. Na mtoto wa kwanza wa kike, kwa haki, hupewa jina la mama mzaa baba, yaani mama mkwe wangu, ambaye Mungu anisamehe, alikuwa mkali wa kunihesabia hata vipande vya nyama chunguni. Nikampa. Jina lenyewe sitalitaja hapa. Ni langu, na ni lake.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa marehemu shemasi alisoma akiwa amevaa kanzu nyeupe, majina mengi, watu wakisinzia kwa joto. Nilijua linakuja na bado liliponipata nilishtuka kama nimetiwa maji ya barafu. Mtu alikuwa amemtaja mwanangu. Kwa sauti, katika kipaza sauti, mbele ya watu. Nikasema "abee," kwa niaba yake. Watu wa kiti cha mbele wakageuka.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Nani huyo?"

"Ni mwanangu."

"Mbona simjui?"

Nikamweleza pale pale, kwa kifupi, wakati wa sadaka, vyakula vikipelekwa mbele. Nilingojea aseme la kuchekesha. Misa ilikwisha, watu wakatoka, yeye hakuinuka. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Wangu alikuwa wa kiume," akasema.

"Wako nani?"

"Wa kabla ya wote. Nilikuwa kwetu Ganze. Kulikuwa na maji, kama kwako. Kisima kilikuwa hapo mlangoni."

Mtu huyu! Namjua mpaka dawa zake za presha, namjua anavyokoroma. Tumezika waume pamoja. Na mle ndani mlikuwa na mtoto, miaka yote, chini ya mizaha ile yote, na mimi nilikaa karibu naye nikiwa na wangu, hatuambiani.

"Inuka, twende kwa shemasi kabla hajavua kanzu, na wako atajwe."

"Mwite wewe."

Basi nikamwita mimi, shemasi wa watu, kwa sauti ya mtu aliyeona mwizi. Akatoka mbio nyuma ya madhabahu, kanzu imemkwama shingoni, mkono mmoja umetoka mwingine bado.

"Hawe! Nani amekufa?"

"Alikufa zamani, baba," mwenzangu akamwambia, akasogea kumpa nafasi kwenye kiti. "Kaa chini kwanza."